Ukomo wa Bonasi Ujulikane Kabla ya Kazi Kuanza



Kila mwaka unapokaribia mwisho, neno "bonasi" huanza kutajwa katika nyumba nyingi za wafanyakazi. Baba hulitaja anapofikiria karo ya Januari. Mama hulitaja anapotazama bati lililotoboka. Na watoto, ambao hawajui lolote juu ya hesabu za kiwandani, hulisikia na kulipokea kama ahadi ya viatu vipya. Majuma machache baadaye fedha hutoka, na aghalabu huwa pungufu kuliko zile zilizokwisha kugawanywa kwa maneno. Hapo ndipo lawama huanza. Mfanyakazi humlaumu karani wa mishahara, karani husema kwamba kompyuta ndiyo iliyokokotoa, na nyumbani mmoja humshuku mwenziwe kwamba amezificha fedha nyingine mfukoni.

Mara nyingi hapana aliyeficha wala aliyeiba. Hesabu ya bonasi ilifika kwenye ukomo uliokwisha wekwa, na yule aliyekuwa akiisubiri hakupata kuambiwa kwamba ukomo huo upo. Juma hili yafaa tuuzungumze ukomo huo: ni kitu gani, huwekwaje katika programu za kompyuta zinazokokotoa malipo, na kwa nini kila familia yapaswa kuujua mwanzoni mwa mwaka wa kazi badala ya kukutana nao siku ya malipo.

Bonasi si bakshishi

Kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Bakshishi ni kitu atoacho mtu kwa hiari ya moyo wake. Akipenda hutoa, asipopenda hatoi, wala hapana wa kumwuliza kwa nini ametoa elfu mbili na si elfu tatu. Bonasi iliyowekewa kipimo ni jambo jingine. Hapo mwajiri amewatamkia wafanyakazi kwamba wakifikisha kazi ya kiasi fulani, naye atawalipa kiasi fulani juu ya mishahara yao. Ahadi ni deni, na deni lolote huwa na kiasi chake kinachojulikana kwa pande zote mbili.

Bonasi ya namna hiyo kwa kawaida huwa na alama tatu. Ya kwanza ni kiwango cha kuanzia, ambacho chini yake hulipwi kitu. Ya pili ni lengo, yaani kazi inayotarajiwa, ambayo ukiifikisha unalipwa bonasi kamili. Ya tatu ni ukomo, ambao juu yake bonasi haiongezeki hata kama kazi imeongezeka.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfanyakazi analipwa mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi. Kiwandani kwake imekubaliwa kwamba akifikisha lengo la mwaka atapewa bonasi ya mshahara wa mwezi mmoja, yaani shilingi 600,000. Kiwango cha kuanzia ni asilimia 80 ya lengo, na ukomo wa bonasi ni asilimia 150. Maana yake ni kwamba mfanyakazi huyu, hata akifanya kazi ya watu watatu, hawezi kupata bonasi inayozidi shilingi 900,000. Hiyo ndiyo tarakimu ambayo ingefaa kuandikwa ukutani nyumbani kwake tangu Januari.

Kwa nini ukomo uwepo?

Wako wanaoona kwamba ukomo wa aina yoyote ni dhuluma. Mimi sikubaliani nao. Fungu la bonasi hutoka katika mapato yale yale yanayonunua vipuri, yanayolipa mishahara ya mwakani na yanayotunza akiba ya siku ngumu. Kiwanda kinachogawa bila kipimo katika mwaka wa neema chaweza kushindwa kulipa hata mishahara katika mwaka wa shida. Tena wakati mwingine mauzo hupanda kwa sababu ambazo hazikutokana na jasho la mtu: bei ya soko imeruka, au mshindani mmoja amefunga milango yake. Si haki mtu mmoja abebe neema yote hiyo kwa kuwa tu alikuwa amekaa dirisha la mauzo siku hiyo.

Iko sababu nyingine, ndogo kwa kuitazama lakini nzito kwa madhara yake. Tarakimu huingizwa katika kompyuta na binadamu, na binadamu huchoka. Sifuri moja ikizidi, shilingi 600,000 hugeuka kuwa shilingi 6,000,000. Pasipo ukomo, mashine italipa bila kushangaa. Na fedha zikishatumika, mfanyakazi asiye na kosa atajikuta akidaiwa.

Kwa hiyo haja ya kipimo ipo. Ubaya huanza pale kipimo kinapowekwa gizani.

Kompyuta hutii iliyoambiwa

Siku hizi ofisi nyingi zimeacha madaftari makubwa ya mishahara na kutumia programu za kompyuta. Katika programu hizo afisa utumishi hujaza nafasi maalumu: hapa mshahara, hapa alama za kazi, hapa ukomo. Baada ya hapo mashine hukokotoa malipo ya watu mia kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha chai. Wengi hudhani kwamba jibu la kompyuta haliwezi kuwa na mjadala. Ukweli ni kwamba kompyuta hufuata mpangilio iliopewa, na mpangilio ukibadilika, jibu nalo hubadilika.

Tumrudie mfanyakazi wetu wa shilingi 600,000. Tuseme kwamba bonasi yake huzidishwa mara mbili: kwanza kwa matokeo ya karakana nzima, kisha kwa alama zake mwenyewe. Mwaka huu karakana imepata asilimia 140, naye amepata asilimia 120. Bila ukomo wowote, 600,000 mara 1.4 mara 1.2 ni shilingi 1,008,000. Ukomo wa asilimia 150 ukiwekwa mwishoni mwa hesabu, atapata shilingi 900,000. Lakini kama aliyejaza programu aliweka pia ukomo wa asilimia 120 kwenye matokeo ya karakana, hesabu huwa 600,000 mara 1.2, kisha mara 1.2 tena, nayo ni shilingi 864,000. Mtu ni yule yule, na jasho ni lile lile, lakini majibu ni matatu. Na kila jibu ni sahihi kwa mujibu wa kanuni iliyowekwa. Swali la haki ni hili: kanuni ipi ndiyo iliyokubaliwa?

Tazama tena aliyeanza kazi katikati ya mwaka, akatumika miezi 6 tu, na alama zake zikawa hizo hizo. Kama mashine inaweka ukomo kwanza, kisha ndipo igawe kwa miezi, atapata nusu ya 900,000, yaani shilingi 450,000. Kama inagawa kwanza, nusu ya 1,008,000 ni shilingi 504,000, na kwa kuwa hizo hazijafika 900,000, ukomo hautamgusa. Hapo mgeni wa nusu mwaka atakuwa amelipwa kwa kiwango cha juu kuliko mwenzake aliyetumika mwaka mzima. Mwenyeji akinung'unika, asiambiwe kwamba ana kijicho, maana ana hoja.

Kisha kuna shimo lililo kwenye kiwango cha kuanzia. Aliyepata asilimia 79.6 amekosa kila kitu, au programu itaifanya kuwa 80 na kumlipa? Sehemu hiyo ndogo ya asilimia moja yaweza kuwa ndiyo karo ya mtoto. Ni lazima iamuliwe na watu mapema, kwa maandishi, wala isiachiwe mazoea ya mashine.

Mwisho kuna ukomo wa fungu zima. Tuseme hesabu za wafanyakazi 40 zimefika jumla ya shilingi 30,000,000, ilhali fungu lililotengwa ni shilingi 24,000,000. Mashine itapunguza malipo ya kila mmoja mpaka asilimia 80, na zile 900,000 za mfanyakazi wetu zitakuwa shilingi 720,000. Mtu huyo amekatwa mara mbili: mara moja kwa ukomo wake, na mara ya pili kwa ukomo wa fungu. Kama hakuambiwa juu ya ukomo wa pili, hawezi kulaumiwa akidhani ameibiwa shilingi 180,000.

Wajuzi wa programu hizi hutofautisha ukomo wa namna mbili. Namna ya kwanza hukata kimya kimya: kilichozidi hufutwa na hapana mtu anayejulishwa. Namna ya pili husimamisha hesabu na kutoa onyo, ili afisa atazame kama tarakimu ni ya kweli au ni kosa la mkono, kisha aandike sababu za uamuzi wake. Ningekuwa na sauti katika kila ofisi, ningeomba namna hii ya pili itumike popote inapowezekana. Na pale ambapo hapana budi kukata, basi hati ya malipo ionyeshe mistari miwili, kiasi kilichokokotolewa na kiasi kilichokatwa kwa ukomo.

Yaliyoonekana kwa wengine

Ukomo wa gizani huharibu hata kazi yenyewe. Mwaka 1944 na 1945 mtafiti mmoja wa Marekani, Donald Roy, alifanya kazi ya kutoboa vyuma katika karakana ambamo wafanyakazi walilipwa kwa idadi ya vipande walivyotengeneza. Aliyoyaona aliyachapisha mwaka 1952. Hapakuwa na ukomo ulioandikwa, lakini mafundi walikuwa na imani kwamba yeyote atakayeandikisha zaidi ya dola 1.25 kwa saa, wakubwa watakuja na saa zao, waipime kazi upya na kupunguza malipo ya kila kipande. Basi wakajiwekea mpaka wao wenyewe. Wakishafika hapo, walipunguza mwendo, na saa zilizobaki zikapita bure. Kiwanda kilikosa kazi, na mafundi walikosa fedha, kwa sababu ya ukomo ambao hapana aliyethubutu kuutamka.

India ilishika njia nyingine. Sheria yake ya bonasi ya mwaka 1965 iliweka wazi pande zote mbili. Kwa miaka mingi kiwango cha chini kilikuwa asilimia 8.33 ya ujira wa mwaka, ambayo ni karibu sawa na mshahara wa mwezi mmoja, na mwajiri alipaswa kukilipa hata katika mwaka usio na ziada. Kiwango cha juu kilikuwa asilimia 20. Ziada ya kugawa ilipozidi kiasi hicho, haikusahauliwa yote. Sehemu yake ilipelekwa mbele, hadi mwaka wa nne, ili isaidie miaka ya upungufu. Viwango hivyo viwili, 8.33 na 20, viliingizwa pia katika sheria mpya ya mishahara ya nchi hiyo ya mwaka 2019. Mfanyakazi aliweza kujua tangu siku ya kwanza kwamba bonasi yake itakuwa kati ya nguzo hizo mbili.

Lakini hata huko kulikuwa na jambo la kuuliza: asilimia 20 ya nini? Kwa marekebisho ya mwaka 2015, wenye mishahara ya hadi rupia 21,000 kwa mwezi waliingia katika mpango huo, ila hesabu yenyewe ilifanywa juu ya rupia 7,000 kwa mwezi, au juu ya kima cha chini cha mshahara wa kazi hiyo kama kilikuwa kikubwa zaidi. Pale ambapo rupia 7,000 ndizo zilizotumika, mtu wa mshahara wa rupia 20,000 aliyedhani kwamba asilimia 20 kwa mwaka itampa rupia 48,000, kwa hesabu ya sheria alipata rupia 16,800. Asilimia bila kujua kitu inachopima ni kama mizani isiyo na mawe.

Ulaya nayo ina funzo lake. Kuanzia mwaka 2014 Umoja wa Ulaya uliweka ukomo kwa wale maafisa wa mabenki ambao maamuzi yao yanaweza kuitia benki hatarini: bonasi isizidi mshahara wa kudumu wa mwaka, au isizidi mara mbili yake kama wenye hisa wameridhia. Mabenki mengi yalijibu kwa kupandisha mishahara ya kudumu na posho, na Uingereza, iliyokuwa imekwisha kujitoa katika Umoja huo, iliufuta ukomo huo mwezi Oktoba 2023. Ukomo ukifungwa kwenye mshahara, mwenye uwezo wa kupandisha mshahara wake huupandisha ukomo pamoja nao. Mshona viatu wa kiwandani hana uwezo huo.

Tufanye nini sisi?

Ndugu mfanyakazi, mwaka wa kazi unapoanza, uliza maswali matano na uyaandike majibu. Je, bonasi yangu ni sehemu ya mshahara gani, wa msingi au pamoja na posho? Kiwango cha kuanzia ni kipi? Ukomo wangu ni upi, nao hukatwa katika hatua ipi ya hesabu? Je, fungu zima lina ukomo wake? Na nikiugua, nikienda likizo ya uzazi au nikihamishwa katikati ya mwaka, miezi yangu itahesabiwaje? Kuuliza hivyo si ukaidi. Katika Tanzania Bara, kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, na miongoni mwa maelezo hayo umo ujira na namna unavyokokotolewa. Mambo hayo yakibadilika, mfanyakazi hushauriwa na kujulishwa kwa maandishi.

Viongozi wa matawi ya wafanyakazi, mnapokaa mezani kujadili mkataba wa hali bora, msiridhike na neno "bonasi italipwa". Dai la kwanza liwe kanuni yenyewe pamoja na mfano mmoja wa hesabu, wenye tarakimu kamili kutoka mwanzo hadi mwisho. Mfano huo mmoja utazuia ugomvi mwingi kuliko kurasa kumi za maneno matamu. Nanyi maafisa mnaojaza programu, kabla ya kuiachia mashine, kokotoeni kwa mkono malipo ya watu watatu: aliyepata kidogo, aliyepata wastani na aliyevuka ukomo. Mkono na mashine vikitofautiana, msilipe mpaka mjue sababu.

Kwa upande wa nyumbani, ushauri wangu ni mgumu kidogo. Bonasi isiyotoka bado msiifanye kuwa dhamana ya mkopo, hasa mikopo ile ambayo watu wameiita kausha damu. Mkipanga matumizi, karo na kodi ya nyumba vitegemee mshahara. Bonasi muiwekee mambo ambayo yakikosekana mwaka huu nyumba haitayumba. Kumbukeni pia kwamba bonasi ni sehemu ya mapato ya ajira, nayo hukatwa kodi ya mapato kama mshahara; kwa hiyo hata zile 900,000 zilizo kwenye karatasi hazitafika zote mkononi. Na mume na mke waisome hati ya malipo pamoja, mstari kwa mstari. Mali bila daftari huisha bila habari, na amani ya nyumba nayo yaweza kwenda kwa njia hiyo hiyo.

Mfanyakazi anayejua kwamba ukomo wake ni shilingi 900,000 anaweza kuukubali, au anaweza kusimama mkutanini na kudai uongezwe. Yule asiyeujua hana hata la kudai. Hubaki kuwashuku wenzake ofisini na wapenzi wake nyumbani. Kabla ya Januari kwisha, basi, ingia katika ofisi ya utumishi, uliza kwa heshima, na urudi nyumbani na majibu yako yakiwa yameandikwa.